Chai Ambayo Mama Tone Hakuinywa

Wasikilizaji wapendwa, karibuni. Anayepika apunguze moto, anayegombana na mwenzake aahirishe kidogo. Leo tuna msiba wa kusimulia, na msiba huu umekuja na maswali yake.

Tunamkumbuka mama mmoja. Kazini walimwita Mama Tone, na mtaani wakamwita hivyo hivyo. Alikuwa fundi wa maji ya boila katika meli ya jeshi la majini. Narudia kwa aliyechelewa kuwasha redio: fundi wa maji ya boila, melini. Alifia kazini, mrija wa boila ulipopasuka. Na waliokuwa juu yake walisema amekufa kwa uzembe wake mwenyewe.

Mume wake hakukubali. Mpaka leo hajakubali.

Mume huyu ni dobi. Kibanda chake cha mabati kiko ng'ambo ya barabara, kikitazamana na lango la kambi ya wanamaji. Nusu ya nguo anazofua ni sare zao. Shule aliiacha mapema, na halioni hilo kuwa jambo la kuficha. "Mimi najua vitu viwili," alisema tulipomtembelea, pasi ikiwa mkononi. "Najua doa, na najua maji. Vingine vyote nimesikia kwa watu, na watu ni waongo."

Basi tuanze alikoanzia yeye.

Walikutana kwa ugomvi. Mama Tone, wakati huo msichana aliyeajiriwa karibuni, alikuja kibandani kuchukua sare yake. Akaiinua kwenye mwanga. Akasema imefifia. Kisha akauliza swali ambalo dobi hakuwahi kuulizwa na mteja.

"Maji haya umeyatoa wapi?"

"Bombani, dada," dobi akamjibu. "Ulitaka niyatoe wapi? Mawinguni?"

"Ndiyo. Mawinguni."

Akaondoka zake na sare iliyofifia. Dobi akakasirika mchana kutwa. Lakini mvua iliponyesha akakinga ndoo chini ya mabati, kisirisiri, ili wenzake wasimcheke. Akatia sabuni. Wapendwa, povu lilipanda mpaka kwenye viwiko. Nguo zikatoka nyeupe kama meno ya mtoto. Akaenda mwenyewe hadi langoni kumtafuta yule msichana.

"Nilikwenda kumwomba radhi," anasema, "nikarudi na mchumba."

Swali lile la maji Mama Tone alilibeba maisha yake yote. Aliliuliza harusini. Aliliuliza kwenye misiba, kabla ya kushika glasi. Alimwuliza hata mama mkwe, jambo ambalo wengi wetu tusingethubutu. Watu walimcheka. "Huyo Mama Tone," walisema, "siku ya kiyama atauliza maji ya kuzimia moto yametoka wapi."

Sasa, kwa nini maji? Hapa tuelewane, maana jambo lote limekaa hapa.

Meli ile ni ya zamani, inakwenda kwa mvuke. Maji huchemshwa ndani ya boila, yanakuwa mvuke. Mvuke unazungusha mitambo. Ukishamaliza kazi unapozwa, unageuka maji tena, na maji yale yale yanasukumwa kurudi ndani ya boila. Yanazunguka hivyo, usiku na mchana. Maji hayo ya kulishia boila hayatakiwi kuwa na chumvi. Chumvi inakula mirija ya chuma kutoka ndani, taratibu, kama mchwa kwenye mlango. Kwa nje mlango ni mzima. Siku unausukuma, mkono unapita.

Na mvuke unapozwa kwa nini? Kwa maji ya bahari. Yanapita ndani ya mirija myembamba, mvuke uko nje ya mirija hiyo, na kati yao kuna ukuta usiozidi unene wa ukucha. Ukuta ukitoboka, bahari inaingia kwenye maji ya boila. Hakuna kengele inayolia. Hakuna moshi. Maji yanabaki meupe vile vile.

Kazi ya Mama Tone ilikuwa kuyashtukia maji hayo. Alichota kidogo kwenye chupa ya kioo, akadondosha tone la dawa. Maji yakibaki meupe, salama. Yakifanya ukungu kama maji yaliyooshea mchele, kuna chumvi. Hapo ndipo jina lake lilipotoka.

Hakuwa mtu wa kuamini kitu kwa macho. Chupa aliisuuza mara tatu, tena kwa maji yale yale atakayoyapima, si mengine. Mdomo wa chupa hakuugusa kwa kidole, maana jasho la mkono lina chumvi, na chumvi ya kidole chako inaweza kukudanganya kuwa meli imetoboka. Nyumbani alisuuza hivyo hata vikombe vya chai. Dobi alimzoea mpaka akaambukizwa. Wageni walidhani ni usafi wa kupindukia. Ilikuwa ni kutoamini tu, tena kule kuzuri.

Wapendwa, kuna desturi moja ya wale watu wa chumba cha boila. Isikilizeni vizuri. Zamu inapobadilishana, anayetoka na anayeingia wanakunywa chai pamoja. Na chai hiyo hupikwa kwa maji ya boila yenyewe, yaliyochotwa kabla hayajatiwa dawa ya kulinda mirija. Wanaiita chai ya kupokezana. Wazee wa zamani, waliokuwa wakitia makaa kwa koleo, ndio walioianzisha. Maana yake ni kwamba nakukabidhi maji ambayo mimi mwenyewe nayanywa.

Mama Tone aliipenda chai ile. Lakini aliipenda kama salamu.

"Salamu si kipimo," alimwambia mumewe, wako jikoni wanamenya viazi. "Mpaka ulimi uisikie chumvi, baba watoto, mirija imeshaisikia siku nyingi. Ulimi ndio wa mwisho kujua."

"Kama mume," dobi akasema.

"Haswa. Kama mume."

Wakacheka. Binti yao, msichana mkubwa anayesuka nywele saluni, anakumbuka kuwa mama alicheka mpaka kisu kikamponyoka.

Sasa tufike kwenye ulimi wenyewe.

Mwaka mmoja kabla ya kifo chake, Mama Tone aliugua homa kali. Akapona, ila pua na ulimi havikupona. Harufu hakuisikia, ladha hakuisikia. Mwanzoni alijinyamazia. Familia ilijulia kwenye sahani. Mchuzi wa kwanza ulikuwa na chumvi ya kukaushia samaki. Dobi alitia tonge mdomoni, macho yakamtoka, akamtazama binti. Binti akamtazama yeye.

"Vipi?" Mama Tone akauliza.

"Mtamu," dobi akasema. Kisha akamnong'oneza binti: "Kula, mwanangu. Ukinung'unika nakuongezea na wangu."

Walikula hivyo muda mrefu, wakishushia kwa mitungi ya maji. Aliyeharibu mambo ni jirani yao, mshonaji, mwanamke asiye na kizuizi mdomoni. Alikaribishwa chakula, akaonja, akatema hadharani. "Shoga, unataka kutuzika?" Mama Tone akaweka kijiko chini. Akawatazama mume na mwana, mmoja mmoja. Kisha akaanza kucheka, na machozi yakafuata. Tangu siku ile dobi ndiye aliyetia chumvi katika nyumba ile. Mke alipika, mume alionja.

Shikeni hapo, wapendwa. Mama Tone hakuwa na ladha. Ulimi wake ulikuwa umekufa. Mumewe alijua, binti alijua, mshonaji alijua, na kwa hiyo mtaa ulijua. Je, melini walijua? Hilo dobi hakulijua. Na hilo ndilo lililokuja kumkosesha usingizi.

Wiki za mwisho alirudi nyumbani kimya. Dobi akambana.

"Kuna nini huko?"

"Pale mvuke unapopozwa panavuja. Kidogo. Lakini panavuja."

"Umewaambia?"

"Nimewaambia. Kuna mgeni mkubwa anakuja, meli itoke ikampigie saluti. Wanasema akishaondoka tutafungua, tutaziba."

"Na maji yamekubali kumsubiri mgeni?"

Alisuuza kikombe chake akaenda kulala.

Siku ya mgeni, barabara ile ilipigwa chokaa ukingoni. Miti ilipakwa rangi mpaka kiunoni. Dobi anasema aliona jiwe limepakwa rangi na jani likiwa bado limelala juu yake. Akawa na wasiwasi tangu hapo. Mahali wanapopaka rangi jani, kuna kitu hawataki kukiokota.

Mchana, wanajeshi wawili walivuka barabara kuja kibandani. Dobi akainuka. "Nguo zenu hazijakauka," akawaambia. Hawakuja kwa ajili ya nguo.

Mrija ulikuwa umepasuka ndani ya boila. Mvuke ukajaa chumba. Mvuke ule, wapendwa, si ule wa birika. Wengine walikuwa juu kwenye ngazi, wakaokoka. Mama Tone alikuwa chini.

Sanduku lilikuja limefungwa. Wakaambiwa wasilifungue.

Mazikoni alisimama Mkuu wa Mitambo, yule ambaye mafundi wote wa meli wako chini yake. Tutamwita Mkuu. Alivaa sare nyeupe. Akasoma taarifa ya wakubwa kwa sauti nzuri. Akasema marehemu aliionja chai ya kupokezana asubuhi ile, akathibitisha kuwa maji ni matamu, na kwa neno lake boila ikawashwa. Akasema tena kwamba zamu yake ilikuwa imekwisha, na alishuka kule chini bila ruhusa. Mwisho akasema ni pigo kwa wote.

Dobi alisikia neno moja tu. Aliionja.

Kwenye ukuta wa kambi, kando ya lango, kuna bamba la shaba lenye majina ya waliofia kazini. Dobi analiona kila anapoinua kichwa kwenye pasi. Jina la mkewe halikuandikwa. Aliyekufa kwa uzembe hapandi ukutani. Ndivyo alivyoambiwa na mlinzi wa lango, ambaye suruali zake anamfulia.

Hapo ndipo mzee huyu alipoanza kuwatilia watu wote shaka. Aliyelia sana mazikoni alimtilia shaka. Asiyelia, zaidi. Wateja waliokuwa wakipiga soga sasa waliacha furushi na kuondoka haraka. Kwa nini haraka? Mmoja alilipa bila kupatana bei. Kwa nini hakupatana? Binti alimwomba apumzike.

"Baba, waachie wenyewe. Wale ni wakubwa."

"Kikulacho ki nguoni mwako," akamjibu. "Na mimi ndiye ninayezifua hizo nguo."

Aliyemtilia shaka kuliko wote ni mtia mafuta mmoja wa chumba cha boila, mtu mnene mwenye maneno mengi. Melini anaitwa Kijiko, kwa sababu hana chai asiyoikoroga, hata ya mwenzake. Mama Tone alimchukulia kama mdogo wake, naye akamwita dobi shemeji. Kabla ya msiba hakupita siku bila kuja kibandani kutania. Baada ya msiba alianza kupita upande wa pili wa barabara. Akiitwa, anapungia mkono bila kugeuka.

"Mtu anayekukimbia," anasema dobi, "ama ana deni lako, ama ana siri yako. Kijiko sikuwahi kumkopesha."

Lakini kulikuwa na mwiba ndani ya shaka yake, wapendwa, na mwiba huo ndio uliomfunga mdomo. Angeweza kusimama langoni apige kelele kwamba mke wangu hakuwa na ladha, hakuweza kuonja chochote, taarifa yenu ni uongo. Sawa. Na wao wangemjibu nini? Kwamba basi alituficha. Fundi wa maji ameficha kuwa ulimi wake umekufa, kisha akasema maji ni matamu. Uzembe juu ya uzembe. Kama Mama Tone hakuwa amewaambia wenzake, neno la kumsafisha ndilo lingemzika mara ya pili. Dobi anajua madoa ya namna hiyo. Ukiyasugua bila kujua yametokana na nini, yanaenea.

Kwa hiyo akanyamaza. Akangoja mtu aje.

Wakaja wenyewe. Ilikuwa alasiri. Mkuu alikuja kutoa pole rasmi na kurudisha mfuko wa vitu vya marehemu. Aliyeubeba mfuko alikuwa Kijiko. Nyumbani alikuwepo binti, na mshonaji jirani, ambaye hajawahi kukosa kuwepo.

Mfuko ukafunguliwa. Kulikuwa na ndara, kitana, sweta, na kikombe chake cha bati, cheupe chenye ukingo wa buluu. Dobi akaupekua mpaka kwenye pindo.

"Chupa yake iko wapi?" akauliza.

"Chupa gani, mzee?" Mkuu akasema.

"Ya kupimia maji."

"Hiyo ni mali ya meli."

Dobi akatikisa kichwa. Akamwambia binti aandae chai. Birika lilipochemka alilipokea mwenyewe. Vikombe vya wengine alivimiminia tu. Kisha akakichukua kile cha bati, cha marehemu. Akamimina maji ya moto kidogo, akazungusha, akamwaga. Akamimina tena, akazungusha, akamwaga. Mara ya tatu. Hakugusa ukingo kwa kidole. Akatia chai, akakiweka mbele ya Mkuu.

"Karibu, mkubwa. Chai ya kupokezana."

Mshonaji alikuwa ameshafika nusu ya kikombe chake. Binti alikunywa. Kijiko alishika kikombe akakoroga, akakoroga, kama mtu ambaye sukari yake haiyeyuki. Mkuu alikiinua kile cha bati hadi kidevuni. Akakitazama. Akatazama birika. Akakitua mezani.

Halafu akauliza. "Mzee. Maji haya umeyatoa wapi?"

Wapendwa, mshonaji anasema chumba kilinyamaza mpaka akasikia cherehani yake inamwita toka nyumba ya pili, na cherehani yake siku hiyo ilikuwa imeharibika.

Dobi akamtazama mtu yule. Swali lilikuwa la mkewe. Kila neno la mkewe.

"Bombani, mkubwa," akasema taratibu. "Bomba linalonywesha mtaa mzima. Hakuna kitu humo. Ni chai. Wenzio wanakunywa." Akasogeza kiti karibu. "Umeuliza vizuri. Swali zuri sana hilo. Siku ile uliuliza?"

"Mzee, tumekuja kwa ajili ya pole."

"Nimepoa. Siku ile uliuliza?"

Kijiko ndiye aliyejibu. Alikiweka kijiko chini, na waliomjua wanasema hilo peke yake lilikuwa tangazo.

"Hakuuliza, shemeji. Aliambiwa."

"Kijiko," Mkuu akasema.

"Afande, nimechoka kupita upande wa pili wa barabara."

Na Kijiko akasimulia. Tulimfuata baadaye naye akaturudia maneno yale yale, kwa hiyo tunawapa kama alivyotupa.

Asubuhi ile Mama Tone alipima maji mwishoni mwa zamu. Yakafanya ukungu. Akamwonyesha Mkuu. Mkuu akasema chupa ni chafu, umeishika kwa mikono yenye jasho. Mgeni alikuwa njiani. Chai ya kupokezana ikapikwa kwa maji yale. Mkuu akanywa, akalamba midomo, akasema chai ni tamu, maji ni mazuri, washeni. Mama Tone akasema, "Afande, ulimi haupimi." Mkuu akampa kikombe mbele ya watu wote. "Basi onja wewe, fundi."

"Na yeye akasema nini?" dobi akauliza. Sauti yake, anasema binti, ilikuwa ndogo kama ya mgonjwa. Hapo ndipo mwiba ulipokuwa.

"Akasema, 'Ulimi wangu umekufa, afande, na wewe unajua. Meli nzima inajua. Niulize chupa.' Shemeji, hilo la ulimi tulilijua sote. Alitutangazia mwenyewe siku ya kwanza aliyorudi kutoka kuugua. Akasema kuanzia leo chai nitawamiminia tu, kuonja muonje wenyewe. Tulikuwa tunamtania, tunamwambia tukupe na mafuta ya mashine."

"Kikombe alikinywa?"

"Alikishika. Ni mkubwa kampa, atafanyaje? Alikishika, akakitua. Hakunywa."

"Na kule chini alifuata nini?"

Kijiko akajifuta uso kwa kiganja. "Aliambiwa chupa ni chafu. Akaisuuza. Akashuka kuchota upya."

Mkuu alisimama. Akasema mambo haya yana utaratibu wake. Akasema Kijiko atajieleza. Akaaga, akatoka. Chai yake ilibaki mezani, imejaa, inatoa moshi.

Dobi hakumfuata. Alikichukua kikombe kile cha bati. Kabla ya kunywa akamtazama Kijiko kwa jicho moja, maana shaka ikishaingia mwilini haitoki kwa siku moja.

"Mbona umechelewa kusema?"

"Niliogopa, shemeji."

"Na leo huogopi?"

"Leo naogopa zaidi. Lakini nilipomwona anaiogopa chai yako, nikasema kumbe sote tunaogopa maji."

Dobi akanywa. Akakunja uso.

"Binti," akasema, "sukari umeisahau."

Ndipo ikajulikana kuwa Kijiko alikuwa amekoroga chai tupu muda wote ule. Walicheka, wapendwa. Ndani ya nyumba ya msiba, walicheka.

Sasa hivi mambo yako hivi. Kijiko hayuko tena melini. Amehamishiwa ghala la kamba. Anasema afadhali, kamba ikikatika haiunguzi mtu. Tuliwaomba wakubwa wa kambi waseme neno lolote katika kipindi hiki. Tulijibiwa kuwa suala limefungwa. Boila nayo ilikuwa imefungwa, na ikapasuka. Bamba la shaba ukutani bado halina jina la Mama Tone.

Na dobi? Yupo kibandani. Bado anafua sare zao, kwa sababu kazi ni kazi. Katika furushi la wiki ile ya mgeni ilikuwemo sare moja nyeupe ya Mkuu. Dobi aliifua kwa maji ya mvua. Aliipiga pasi, mikunjo imesimama kama kisu. Ameitundika mbele ya kibanda, inatazamana na bamba la shaba. Mwenyewe hajaifuata. Alimtuma mtu, dobi akakataa kuitoa. Akamtuma mwingine, akakataa tena.

"Aje mwenyewe," anasema. "Simdai kitu. Avuke barabara mchana, mbele ya wateja wangu. Aseme, 'Mkeo hakunywa.' Maneno mawili tu. Nampa nguo yake, na soda juu."

Wasikilizaji wapendwa, kwa niaba ya wote hapa studio tunampa pole dobi. Tunampa pole binti yake, na mshonaji, na Kijiko, na mafundi wote wanaofanya kazi mahali ambapo jua haliwafikii. Mungu ampumzishe Mama Tone mahali penye maji ya kuaminika.

Nasi tuliobaki tujiulize. Katika kazi yako, ni chai gani unapewa unywe ili kesho isemwe kuwa ulikubali? Na ni nani anayekwambia ukweli, nawe unamwambia chupa yake ni chafu? Leo jioni, kabla ya kunywa, uliza maji yametoka wapi. Wakucheke. Yeye walimcheka.

Mlioko karibu na lango lile, mkipita mtaiona. Sare nyeupe, imetundikwa, haina doa. Inamngoja mwenyewe.